Mwalimu Aliyejenga Kando ya Reli

Mpaka leo ananiita Michenga. Jina langu analijua vizuri, aliliita kwenye daftari la mahudhurio miaka minne mfululizo, lakini Mwalimu wa Jiografia hakuwahi kumwita mwanafunzi kwa jina alilopewa na wazazi wake nje ya ile dakika moja ya asubuhi. Ukiingia darasani kwake siku ya kwanza atakuuliza umetoka wapi, na hapo hapo umeshabatizwa upya. Darasa letu lilikuwa na Mlimba, lilikuwa na Kivukoni, lilikuwa na Lupiro wawili, Lupiro wa Mbele na Lupiro wa Dirishani. Siku moja alihamia msichana kutoka Dar es Salaam. Mwalimu alimtazama, akafikiri, akasema, “Dar ni kubwa mno kubebwa na mtu mmoja. Wewe utakuwa Mgeni.” Yule dada ameolewa hapa hapa Ifakara, ana wajukuu, na tuliosoma naye bado tunamwita Mgeni.

Alifundisha jiografia na historia, maana walimu walikuwa wachache, ila hakukubali kwamba hayo ni masomo mawili. Kengele ya kubadili kipindi ikilia hakufuta ubao. “Historia ni tope la jana,” alituambia, “na jiografia ni kujua tope hilo limetoka wapi.” Na tope alilijua. Alivaa buti za mpira, zile ndefu za shambani, masika na kiangazi, darasani na kanisani. Jumapili tofauti ilikuwa moja tu, alizipangusa. Mkuu wa shule alimwomba zaidi ya mara moja avae viatu kama walimu wenzake. Mwalimu alimjibu kwa heshima zote kwamba akivaa viatu ataanza kuogopa kukanyaga kile anachokifundisha. Mkuu aliona aheri ahangaike na uji wa wanafunzi.

Sasa nieleze habari ya ule mji, kwa sababu bila mji ule huwezi kumwelewa.

Ramani ya dunia ya shule ilikuwa imeliwa na mchwa, wakianzia Australia na kupanda juu. Wakati huo tulikuwa na kijana wa Kimarekani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu. Mama yake alikuwa amemtumia ramani kubwa ya mji wao, mji mdogo wa wakulima huko bara, ili asisahau kwao. Alipomaliza muda wake aliibandua ukutani kwake akampa Mwalimu. “Mimi narudi kwenyewe,” alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka, “ramani ya nini?” Mwalimu aliigongomea pale ilipokuwa dunia, na kuanzia siku hiyo sisi wa bonde la Kilombero tukawa tunasoma mji ambao hata Marekani kwenyewe sidhani kama unajulikana. Jina lake lilikuwa gumu na kila darasa lilikuwa na namna yake ya kulitamka, kwa hiyo sitalijaribu hapa. Tuliuita Kwa Mwalimu.

Mji wenyewe ulikuwa na mto uliopinda kama kiwiko. Ulianzia hapo mtoni, kwenye kivuko cha magogo, ambapo watu waliokuwa wakisubiri kuvuka walichoka kusubiri wakajenga. Kisha ikaja reli. Reli ikapita juu kidogo, mbali na maji, na mji ukanyanyuka ukaifuata: duka la dawa, benki, kinyozi, makanisa matatu ya watu ambao wote kwa pamoja wasingejaza soko letu. Pembeni ya stesheni lilisimama ghala refu la mahindi, refu kuliko kanisa lolote kati ya yale matatu. Hayo yote kijana wa hesabu alikuwa amemsimulia Mwalimu jioni baada ya jioni, na Mwalimu alituhamishia sisi bila kupunguza. Tulijua mtaa gani unajaa maji theluji ikiyeyuka, ingawa theluji yenyewe tuliifananisha na barafu za kwenye vifuko vya nailoni.

Alikuwa na maswali yake matatu ya kuuliza mji wowote. Maji yanakaa wapi? Njia inakwenda wapi? Nani alikuwepo kabla? Swali la tatu aliliuliza kwa sauti ya chini kuliko mengine.

“Kwa Mwalimu, nani alikuwepo kabla?”

“Wenyeji, Mwalimu.”

“Walikwenda wapi?”

“Walihamishwa.”

“Walihamishwa na nani?”

Hapo tuliinamia madaftari, maana miongoni mwetu walikuwamo waliotoka kwenye familia zilizowahi kuambiwa zibebe vyungu vyao zihame, na neno hilo walilijua kabla ya kulisoma. Mwalimu hakulazimisha jibu. Alisubiri kidogo, akaendelea na mto.

Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulipokuja, kulikuwa na swali lililotaka tueleze mji mdogo tunaoufahamu: ulivyoanza, ulivyokua, shughuli za watu wake. Tulilifurahia kweli. Darasa zima, kuanzia Mlimba mpaka Mgeni, liliandika juu ya Kwa Mwalimu. Tuliandika ghala la mahindi, tuliandika theluji, mimi nilichora na kiwiko cha mto. Msahihishaji alikuwa mwalimu wa shule nyingine, mtu asiyetujua, na alirudisha karatasi zetu kwa mkuu wa shule akiuliza kama tumeibiana majibu au tuna wazimu.

Mkuu alituita mstarini juani. “Swali linasema mji mnaoufahamu,” alisema. “Mmekwenda lini Marekani?”

Kisha Kivukoni, ambaye hakujua kuogopa, akanyoosha mkono. “Mkuu, ndio mji tunaoufahamu.”

“Ifakara hamuifahamu?”

“Ifakara tunaishi tu, Mkuu. Hatujafundishwa.”

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa amesimama nyuma ya walimu wenzake, na nilimwona akiangalia buti zake kwa muda mrefu kana kwamba amezikuta miguuni mwa mtu mwingine. Ni mara ya kwanza nilimwona mtu mzima akifikiri mbele za watu bila kujificha, na nilimpenda kwa hilo. Nampenda kwa hilo mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata alitutoa nje kwa miguu. Tulianzia Kivukoni, pantoni ikiwa bado inavusha watu na ng'ombe kwenda upande wa Ulanga, na akatuuliza mbona mama lishe wote wamejipanga upande wa huku. Kwa sababu huku ndiko watu wanakosubiri, tukajibu, na yeye akatabasamu kama aliyepokea zawadi. Tukaja mpaka mto Lumemo, akatuonyesha magome ya miti yenye alama ya maji ya mafuriko yaliyopita, juu ya kichwa cha Lupiro wa Dirishani aliyekuwa mrefu kuliko wote. Tukapita sokoni. Alasiri, miguu ikiwa imekufa, tukafika stesheni ya reli, ambayo kama unaijua Ifakara unajua iko mbali na mji, watu wakishuka treni bado wana safari.

Pale akachora kwa kisigino. Huu mto, hiki kivuko, hii reli. “Mnaona? Ni ule ule. Mji umeanzia majini, na sasa reli imepita juu. Utanyanyuka uje huku. Kwa Mwalimu ulifanya hivyo, na Ifakara itafanya hivyo.” Akaenda hatua chache kwenye majani, akachomeka kijiti. “Hapa ni kwangu. Nimeshanunua. Mkifika umri wangu, hapa ndipo patakuwa katikati ya mji.”

Tulicheka. Ilikuwa ni pori, na mbuzi mmoja.

Haya, mji haukwenda. Huo ndio ubishi wetu mimi na yeye, na tumeulea kuliko watu wanavyolea watoto. Mji ulifuata barabara. Daraja lilijengwa, pantoni ikapumzishwa, magari ya Mahenge yakawa yanapita bila kusubiri, na kila mwenye akili alitafuta kiwanja kisicho mbali na lami iliyokuwa inasogea. Mimi nina akili. Nilipoanza biashara ya mpunga niliweka mashine yangu ya kukoboa mtaa wa Viwanja Sitini, na sijawahi kujuta wala sitaanza leo. Mwalimu kila akija husimama mlangoni pumba zikimrukia, anatikisa kichwa. “Michenga, umejenga njiani.” Namjibu, “Mwalimu, njiani ndiko wanakopita wenye mpunga.” Hapo hukaa tukanywa chai.

Ila kufika kwenyewe huwa ni kazi. Mtu huyu aliyetufundisha kusoma ramani hupotea Viwanja Sitini. Mitaa imeongezeka, na yeye kuuliza njia hawezi, anaona ni aibu kwa fani yake. Nimeshapigiwa simu na fundi baiskeli wa mtaa wa tatu: “Mama, yule mzee wa buti amepita hapa tena anakwenda upande siyo. Nimwite?” Namwambia mwache, atazunguka. Na huzunguka, akafika akiwa amelowa jasho, akatangaza kwamba alikuwa anakagua mitaro.

Mambo yake hayakuwa ya kupangika. Aliishi katika nchi ya wali na wali hakuula. Ametoka upande wa Mahenge, na alisema ugali ndio uliomfikisha hapa na hauachi katikati ya safari. Nilimpelekea mchele wangu mpya, ule unaonukia kabla hujaufunika. Alishukuru sana akawapa majirani. Kanisani aligombana na katekista juu ya Mto Yordani, eti mto mtu hauelezi bila kusema unapindia wapi. Na kubwa kuliko yote, huyu bwana wa reli, aliyejenga mahali ambapo treni ikipita vikombe vinahama kabatini, hajawahi kupanda treni kuvuka stesheni ya Mlimba. Nilimuuliza sababu. “Reli si lazima uipande,” alisema. “Inatosha kukaa nayo.”

Mkewe ndiye aliyekaa nayo hasa. Mama huyu alitaka Viwanja Sitini tangu viwanja vilipokuwa vinapimwa, na hakulificha jambo hilo kwa mgeni yeyote. “Wenzangu wameolewa na wanaume,” alikuwa akisema huku anamimina chai, “mimi nimeolewa na ramani.” Lakini pale pale stesheni alijitengenezea maisha. Alikaanga vitumbua vya abiria, akapanda michungwa uani, na treni ya usiku ikipiga honi alfajiri kwa kuchelewa, yeye alikuwa ameshawasha moto. Alilalamika kila siku na sikumwona akikosa hata siku moja.

Kuna mwaka Lumemo uliamua kuingia mjini. Mashine yangu iko bondeni kidogo, nakubali. Maji yalikuja mchana, taratibu, yakipapasa chini ya milango. Nilipata trekta, tukapakia magunia tuliyoyawahi, na sikufikiri mara mbili pa kwenda. Tulipofika stesheni ardhi ilikuwa kavu, kuku wanachakura, na Mwalimu amesimama barazani na buti zake, safari hiyo pekee akiwa mtu ambaye hazihitaji.

“Nilikuambia,” alisema.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Nilikuambia.”

Mkewe alimsukuma pembeni. “Mwache mtoto ashushe mzigo wake. Michenga, weka sebuleni, weka chumbani, weka popote.” Wiki nzima magunia yangu yalikaa chini ya ile ramani ya Marekani, maana shule walimpa alipostaafu, na familia nyingine kutoka mjini zililala barazani. Mama alipika ugali wa watu wote na uso wake uling'aa. Mji ulikuwa umekuja stesheni hatimaye, ingawa kwa wiki moja.

Naja sasa kwenye jambo la mwisho, la mwaka huu.

Watoto wao wako Morogoro na Dodoma, na wameshakubaliana: nyumba ya stesheni iuzwe, wazee wahamie Viwanja Sitini karibu na hospitali na lami. Mwalimu magoti yanamsumbua, na mama macho. Nina nyumba ndogo ya kupangisha nyuma ya mashine. Mkubwa wao alinipigia. “Dada, wewe anakusikiliza. Sisi akituona tu anaanza kutuuliza maji yanakaa wapi.” Nilikubali, na niseme wazi nilikubali kwa moyo wote. Niliwataka pale karibu yangu. Nilitaka niwe nasikia buti zake zikija bila kupitia kwa fundi baiskeli. Na baada ya miaka yote hiyo, nilitaka pia nishinde.

Silaha nilikuwa nayo. Simu za siku hizi zinakuonyesha mahali popote duniani kutoka juu, kama ndege anavyoona. Niliwahi kumwambia Mwalimu nimtafutie Kwa Mwalimu akakataa. “Acha. Siku nyingine.” Alivyolisema nilijua anaogopa, na sikumbana. Lakini jioni moja nilikuwa nimeutafuta peke yangu, na nilikuwa nimeuona.

Nilimkuta barazani, mama anachambua mchicha. Nilieleza walichosema watoto, nikaeleza nyumba yangu, maji ya bomba, hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si lake. Kisha akainuka kwa shida, akaingia ndani, akasimama mbele ya ramani yake. “Michenga,” aliita, “ile simu yako. Nionyeshe sasa.”

Nikamwonyesha. Kiwiko cha mto kilikuwepo, akakitambua mara moja, akakigusa kwa kidole na picha ikaruka, nikairudisha. Ghala la mahindi lilikuwepo, kivuli chake kimelala chini. “Reli?” aliuliza. Nikamwonyesha mstari wa nyasi. Reli ilikuwa imeng'olewa. Mtaa wa duka la dawa na benki ulikuwa na mapaa yaliyotoboka, na viwanja vitupu katikati kama meno ya mzee. Huko chini kabisa, kusini, ilipita barabara kubwa, na kando yake ndiko kulikokuwa na magari, kituo cha mafuta, mapaa mapya.

“Wamekwenda barabarani,” alisema.

“Ndiyo, Mwalimu.”

Alirudi barazani akakaa. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wenyewe sikujua niuweke wapi. Jua lilikuwa limeegemea milima ya Udzungwa na reli yetu ilikuwa inang'aa pale mbele, tupu. Mtu alikuwa amechomeka kijiti kwenye majani kwa kuuamini mji mmoja, akamleta mke, akazaa, akazeekea pale, na mji wenyewe ulikuwa umeshaondoka siku nyingi bila kumwambia.

“Waambie watoto nimekubali,” alisema. “Mama yao amesubiri vya kutosha.”

Mama aliweka ungo chini. Alijifuta mikono kwa kanga, akanyoosha mkono kwangu. “Lete hiyo simu.” Aliisogeza karibu na macho mpaka ikakaribia kugusa pua. “Huu ndio mstari wa reli?”

“Ndiyo mama. Ilipokuwa.”

“Na hivi hapa kando yake ni nini?”

Nilikuza picha. Sikuwa nimevitazama. “Nyumba.”

“Wanakaa watu?”

Kulikuwa na gari nje ya moja. Nyuma ya nyingine palikuwa na matuta yaliyonyooka, ya kijani. “Wanakaa,” nilisema. “Hii ina bustani.”

“Ziko ngapi?”

“Nne.”

Alinirudishia simu, akauchukua ungo wake, akaendelea na mchicha.

“Ya tano ni yetu,” alisema. “Kawaambie hivyo watoto.”

Mwalimu alivuta buti zake, akazivaa moja baada ya nyingine, akashuka uani kufungia kuku.